Swali la msomaji: Nikiacha ile tyubu, uso unawaka

Shikamoo mama. Nina miaka 20, nakaanga sato na dagaa Mwaloni, Kirumba. Chunusi zilinianza nikiwa shuleni, chache tu. Mwaka huu mwenzangu akanielekeza krimu ya tyubu. Wiki mbili tu uso ukawa laini na mweupe, nikaendelea kuichanganya na losheni. Sasa nikiiacha siku tatu uso unawaka, vipele vinajaa mashavuni. Bibi anasema ni mafuta ya sangara ninayekula. Wengine wanasema nikizaa zitaisha. Nifanyeje? – N., Igoma

Marahaba, mwanangu. Kwanza ishike hiyo tyubu usome maandishi madogo. Ukikuta clobetasol au betamethasone, hizo ni steroidi. Ni dawa nzuri kwa pumu ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa maelekezo. Ukizipaka usoni kila siku huficha uvimbe, huku zikiifanya ngozi kuwa nyembamba na kuzalisha vipele vipya. Siku ukiacha, uso unalipuka, unadhani unaidai dawa, unapaka tena. Katika miaka 27 ya uuguzi hapa Mwanza nimewashika mikono mabinti wengi walionaswa hapo, na bado inaniuma.

Usihangaike nayo peke yako chumbani. Nenda Bugando au hospitali ya Sekou Toure, ubebe tyubu na losheni yenyewe, useme umepaka miezi mingapi. Usione haya. Wiki za mwanzo baada ya kuacha zitakuwa ngumu kuliko hizi. Nakuambia mapema ili usiirudie.

Sasa bibi. Mwambie kwa heshima kwamba sangara hana kosa. Homoni za ujana huziamsha tezi za mafuta, ngozi iliyokufa inaziba kitundu, bakteria wanaokaa humo wanaongezeka, ngozi inavimba. Mafuta ya samaki uliyemla hayapandi usoni. Mimi nina wasiwasi na karai lako. Mvuke wa mafuta ukikupiga usoni kutwa nzima unaweza kuziba vitundu. Simama upande unakotokea upepo, na ukimaliza kazi nawa uso kabla hujapanda daladala. Mafuta ya nywele nayo yasishuke kwenye paji la uso. Kuhusu kuzaa, si dawa: kuna wanaopungukiwa na chunusi wakiwa wajawazito, na kuna wanaozidiwa.

Nawa mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, si ya mche. Limao na dawa ya meno viache jikoni na kwenye mswaki. Na tafadhali usiminye: ngozi yetu nyeusi huacha doa linalokaa miezi.

Uso ukitulia, daktari anaweza kukupa jeli ya benzoyl peroxide, asilimia 2.5 au 5. Hukausha ngozi mwanzoni na hupausha nguo, basi kanga unayoipenda usijifunike nayo usiku. Ipe wiki 8 hadi 12. Piga picha leo na nyingine wiki ya 8, maana kioo cha kila asubuhi kitakukatisha tamaa bure.

Kama una mimba au unatarajia kuipata, liseme hilo kabla hujaandikiwa chochote. Kuna vidonge vya chunusi, isotretinoin, ambavyo humdhuru vibaya mtoto aliye tumboni.