STI hatchback, Golf R au A45: jibu refu kwa mdau wa Dodoma

Mkuu, umeuliza kati ya Subaru Impreza WRX STI ile ya mgongo mfupi (namba ya bodi GRB), Volkswagen Golf R ya kizazi cha saba na Mercedes A45 AMG, ipi "haina usumbufu" kwa mtu anayekaa Dodoma na kushuka Dar kila mwezi. Wengi hapo juu wamekujibu kwa farasi na sekunde. Mimi nimeishi na GRB ya manyuo kwa miaka, kabla yake nilikuwa na Impreza S-GT ya oto, mdogo wake wa turbo, na Golf R ya shemeji ndiyo ninayoipeleka gereji akiwa safarini, kwa hiyo naijua kwa chini na naijua kwa risiti.

Isiyo na usumbufu hapo hakuna. Gari yenye lita 2.0, turbo, farasi karibu 300 au zaidi na tairi nne zote zinavuta, ina vitu vingi vya kulishwa kuliko IST. Kilichopo ni usumbufu unaoumudu na usioumudu. Na kama shida ni kuwahi Dar, SGR ipo, tena haina tochi za trafiki njiani.

Tuanze na STI kwa sababu ndiyo yenye maneno mengi mtaani. Watu wanasema "GRB" kana kwamba injini ni moja. Ile ya Japani ya manyuo, iliyoanza Oktoba 2007, ina EJ207, lita 2.0, farasi 308. Zile za soko la nje, pamoja na A-Line ya oto iliyokuja 2009 (hiyo namba yake ya bodi ni GRF), zina EJ257 ya lita 2.5, farasi 300. Kwa nje zinafanana sana. Ndani, silinda ya 2.5 ina upana wa milimita 99.5, ya 2.0 ina 92. Pistoni pana kiasi kile ikikutana na mafuta yanayolipuka kabla ya wakati wake, kinachovunjika ni ule ukingo mwembamba unaoshika ringi. Gari inaanza kula oili, inatoa moshi wa bluu, silinda moja inapoteza kompresheni, na fundi anakuambia injini ishuke. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, STI ni EJ207 au uiache. A-Line ni tamu kuendesha kwenye foleni, sikatai, lakini oto yake imefungwa kwenye injini ambayo ni nyepesi zaidi kuumia.

Hapo mafuta yanaingia. Gari hizi za Japani zilipangiwa kunywa haioku, petroli ya daraja la juu, ambayo pampu nyingi kule ni oktani 98 hadi 100 (oktani ikiwa juu, mafuta hayalipuki ovyo kabla ya wakati). Petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Gari ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, kompyuta inasikia mlipuko mbaya, inachelewesha moto wa plagi, unapoteza nguvu kidogo na maisha yanaendelea. Ila kama mwenye gari wa kwanza aliipeleka kwa mtaalamu wa kule ikaongezwa presha ya turbo kwa hesabu za haioku, halafu wewe unaijaza kituo cha pembeni huko Gairo saa sita ya jua, ile akiba ya usalama haipo tena. Ndiyo maana mimi gari iliyochezewa siinunui hata ikipungua bei kiasi gani, na hapa simsikilizi mtu.

Dalili za kuchezewa huwa wanazificha, lakini gari haina siri sana. Mwaka jana nilimsindikiza kijana mmoja kuangalia GRB ya mkononi Kinondoni. Tulikuwa tumemwomba muuzaji asiiwashe kabla hatujafika. Nikaweka mkono juu ya boneti: ya moto. Akasema ameisogeza tu kumpisha jirani. Tukamwambia hakuna shida, tukaenda kunywa chai hadi ikapoa. Tuliporudi nikaangalia nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva, kuna vitundu viwili vya skrubu vimezibwa kwa kitu cheusi. Pale palikuwa na geji ya turbo. Mtu hafungi geji ya turbo kwa ajili ya kwenda kanisani. Gari ikawashwa, kifuniko cha tanki dogo la maji kiko wazi, na baada ya dakika chache vipovu vikaanza kupanda kimoja kimoja, bila kukoma, hata injini iliposhuka kwenye sailensi (inanguruma bila kukanyagwa). Hewa iliyonaswa ingetoka ikaisha. Hii ilikuwa inatoka kwenye silinda, gasketi imeshaachia. Muuzaji akashusha milioni tatu palepale kabla hatujasema neno. Tukaaga.

Ukiipata nzima, kuitunza si uchawi. Oili nzuri kila kilometa 5,000, na stiki ya kupimia oili ichomolewe kila unapojaza mafuta, kwa sababu injini hizi hunywa oili na hazipigi kelele. Kuna kichujio kidogo sana ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye turbo; kikiziba, turbo inakufa kwa kiu na vumbi lake la chuma linashuka kwenye injini. Mwambie fundi akifungue akiangalie. Taiming belti ni kilometa 100,000, na ikikatika vali zinapigana na pistoni, kwa hiyo kama gari haina stika ya lini ilibadilishwa, ichukulie kuwa haijabadilishwa. Badilisha na rola zake na wota pampu humohumo. Baada ya mwendo mkali wa barabara kuu, usizime ghafla; endesha taratibu dakika za mwisho ili turbo ipoe.

Golf R inasemwa vibaya na watu wengi ambao hawajawahi kuifungua. Ile ya saba iliyouzwa Japani ilianza na farasi 280, halafu toleo lililoboreshwa la 2017 likawa na 310 na gia saba. Hofu kubwa ya mtaani ni DSG, gia boksi ya oto yenye klachi mbili. Lakini DSG iliyojiharibia jina ni ile ya gia saba yenye klachi kavu (DQ200), inayofungwa kwenye Golf na Polo ndogo. Ya Golf R ya mwanzo ni DQ250, gia sita, klachi zake zinaoga kwenye oili, na inavumilia. Sharti lake ni moja: oili yake pamoja na filta vibadilishwe kila kilometa 60,000. Fundi akikuambia "hii gia boksi haibadilishwi oili maisha", chukua funguo zako uondoke kwa heshima.

Kitu ambacho watu hawakijui ni difu ya nyuma. Tairi za nyuma za Golf R zinashikwa na Haldex, klachi inayobanwa na pampu ndogo ya umeme. Kwenye kizazi cha tano, ambacho ndicho cha Golf ya saba, hakuna filta ya kubadilisha, kuna kiwavu tu mdomoni mwa pampu. Nyuzinyuzi za klachi zinakaa pale, pampu inakamuliwa, mwisho inaungua, nawe unabaki na Golf ya kuvuta mbele uliyoinunua kwa bei ya R. Mara nyingine hata taa haiwaki kwenye dashibodi. Kwa hiyo kila oili ya Haldex inapobadilishwa, yaani miaka mitatu, pampu ichomolewe na kiwavu kisafishwe. Wengi wanamwaga oili tu na kufunga. Ya shemeji nilisimama juu ya kichwa cha fundi hadi kiwavu kikatoka nikakiona kwa macho. Kujaribu ni rahisi: tafuta mchanga au udongo uliolowa, simamisha, kanyaga. Mbele zikizunguka bure na nyuma haisukumi, umepata jibu na umepata pia hoja ya kushusha bei.

Kingine kwenye Golf hiyo ni wota pampu na kasha la themostati, ni vya plastiki na vinajulikana kwa kuvuja. Maji yakipungua bila kuona tone chini, mulika tochi ubavuni mwa injini. Na ukishawishiwa uchukue Golf R ya sita kwa kuwa ni rahisi, ile ina injini nyingine kabisa, ya zamani zaidi, yenye taiming belti na kile kikombe kidogo kinachosukuma pampu ya mafuta. Kikombe ni bei ya kuku wawili, kikiisha kinakula kamshafti.

A45 sitaisemea sana. Farasi 360, kisha 381 kuanzia 2015, kutoka lita 2.0. Inakimbia kuliko zote mbili. Ila breki, tairi na spea zake zinahesabiwa kwa bei ya AMG, na matuta ya njia nzima utayahesabu kwa mgongo.

Tairi sasa, maana hapa ndipo difu nyingi zinapofia. Mazoea yetu ni kununua tairi mbili mpya kuweka mbele, nyuma zikabaki zilizolika. Kwenye gari inayovuta zote nne, tairi zenye mzunguko tofauti zinafanya difu ya kati au ile klachi ya nyuma ifanye kazi muda wote, hata ukienda mstari ulionyooka. Inachemka, inakufa. Zinunue nne, kampuni moja, saizi moja. Moja ikipasuka na tatu zimeshalika, tafuta ya kulika hivyohivyo. Mimi hupima kwa uzi: nazungusha kwenye tairi, naweka alama ya chaki, nalinganisha. STI nyingi zinavaa 245/40 R18, kwa hiyo shimo moja bovu linaondoka na rimu pia.

Ukiagiza, kodi ipige kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujapenda picha. Gari iliyozidi miaka 10 ina ushuru wa uchakavu wa 30%, ya miaka 8 hadi 10 ni 15%. GRB zote zimeshavuka. Injini ya cc 1001 hadi 2000 ushuru wake wa bidhaa ni 5%, ikizidi hapo ni 10%, sababu nyingine ya kuikwepa ile 2.5. Golf R za mwisho mwisho zinaponea kwenye 15%, na tofauti hiyo peke yake inalipa sevisi kubwa ya kwanza.

Kwa hiyo, pamoja na mapenzi yangu kwa STI, kwako wewe nasema Golf R. Dodoma hadi Dar ni mwendo mrefu wa spidi ileile, vijiji vya 50 kila mara, na ndani ya Golf unafika ukiwa bado mtu. Mafundi wa Subaru wako kila kona, lakini wa Subaru ya turbo wako wachache kama wa Golf, usidanganyike na wingi wa mabango. Unashuka Dar kila mwezi, sevisi utafanyia huko. Spea nyingine utasubiri kutoka Dubai au Afrika Kusini, ndiyo hali.

Ila kama hela ya kununua ndiyo hela yote uliyonayo, achana na zote tatu. Tafuta S-GT nzima, farasi 250, ikuchoshe kwanza.

Umeuliza pia kuhusu kuuza baadaye. STI ya manyuo inashika bei, hatchback yake haitengenezwi tena tangu 2014 na vijana wanaitafuta. Golf R inashuka haraka, na ndiyo maana mnunuzi wa pili kama wewe anaipata kwa bei ya maana. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani tazama daraja kabla ya kilometa: R au RA maana yake imewahi kugongwa ikatengenezwa. Iombe kwa namba ya chasi, na wakikuzungusha kuileta usitume hela.