Uliza Shangazi: Msalaba usio na kanisa

SWALI: Shikamoo Shangazi. Shemeji yangu alikaa Niger miaka miwili akiendesha malori ya misaada, na aliporudi aliniletea kidani. Juu kina pete, chini kimepanuka kama uru wa karata, na ncha zake tatu zimeishia kwa vifundo. Nikakipenda. Mama mkwe alipokiona akasema, "Mwanangu, mke wa Kiislamu anavaa msalaba?" Nikanyamaza. Nikakipeleka kwa sonara, akakigeuza mara moja tu akasema si fedha, mbona kimeingia weusi. Sasa kiko kabatini ndani ya soksi. Nifanyeje? – Mama Ilham

JIBU: Marahaba, Mama Ilham. Kwanza kitoe kwenye soksi.

Nianze na huyo sonara kabla ya mama mkwe, maana ndiye aliyenipandisha hasira. Fedha ndiyo inayoingia weusi! Ikikutana na salfa, ya hewani au ya yai la kuchemsha, huvaa utando mweusi. Wanachouziwa wageni badala ya fedha ni alpaka, yaani shaba, nikeli na zinki, bila hata punje ya fedha.

Najua kwa sababu nililiwa. Mwaka wangu wa kwanza Agadez, mji wa kaskazini mwa Niger, nikifanya kazi ya ukunga, nilinunua kidani kama chako kwa mchuuzi wa njiani. Kiling'aa miezi yote ya joto nikajisifu kwamba nimepata fedha safi, hadi shingo ilipoanza kuwa kijani. Fundi mmoja jirani yangu akakichukua, akakipima kwa kiganja, akanirudishia bila kusema neno.

Baada ya hapo nikawa naketi uani kwake alasiri. Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, huwaita mafundi hawa inadan. Ni ukoo kwa ukoo, tena wana lugha yao ya siri, tenet, ambayo wakiizungumza mbele ya mteja, mteja anabaki kutazama midomo tu. Jirani yangu hakuwa na meza. Aliketi chini, kidani amekibana kwa vidole vya mguu, tupa mkononi. Umbo hulifinyanga kwanza kwa nta, akalifunika kwa udongo, akauacha ukauke, kisha akautia motoni. Nta huyeyuka ikatoka, ikaacha nafasi tupu yenye umbo lile lile, na humo ndimo anamomimina fedha. Ikishapoa, kalibu huvunjwa. Hakuna kalibu la pili. Kwa hiyo ukikikagua chako utaona pengine ncha moja nene kuliko wenzake, na mistari ya nakshi imekwenda upande kidogo. Usilalamike. Vikiwa vitatu sokoni vimefanana kama mapacha, hapo ndipo ushuku.

Rudi kwa sonara, au bora mtafute mwingine. Mwombe akikwaruze kidogo kwa nyuma kwenye jiwe la kupimia, adondoshee tindikali. Asitegemee kuona fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha katika 1,000. Mafundi wa Niger na Mali kwa miaka mingi waliyeyusha sarafu, hasa zile zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa zamani wa Austria, ambazo babu zetu wa pwani walizijua kama riale. Hizo zina sehemu 833 za fedha katika 1,000, na karibu zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zilizogongwa miaka mia na zaidi baadaye. Mara nyingi mteja mwenyewe ndiye aliyeleta sarafu, akasubiri zigeuke bangili.

Sasa mama mkwe. Usibishane naye, mkaribishe chai, ukiweke kidani mezani. Jina la "msalaba wa Agadez" lilienezwa na Wafaransa. Wenyewe hukiita tenaghalt, neno linalotokana na kumimina, kwa hiyo jina lao linataja kazi ya fundi na wala si dini. Kuhusu umbo lenyewe, kuna wanaosema ni nyota, wengine ni kichwa cha tandiko la ngamia, na kila mtu ana lake. Lakini wanaokivaa ni Waislamu, katika mji ambao msikiti wake una mnara wa udongo wa mita 27. Zamani kilikuwa cha wanaume. Baba alimpa mwanawe alipobaleghe. Mwambie pia kwamba Watuareg wengi hawaitaki dhahabu, wanaiona ina mkosi, nao hushika fedha kwa kuwa Mtume alivaa pete ya fedha. Hapo nadhani atakisogeza karibu akitazame.

Ukikisafisha, tumia maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa laini. Dawa za meno na majivu uwaachie masufuria. Weusi ulioko ndani ya nakshi uuache, bila huo mistari haionekani na jasho lote la fundi limepotea.

SWALI: Mimi ninacho chekundu chenye umbo la pembetatu na pete juu, kinaitwa talhakimt. Muuzaji aliapa kuwa ni akiki. Ni kweli? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kiinue kwenye jua. Ukiona viputo vya hewa, au mshono mwembamba pembeni, hiyo ni kioo, na huenda kilitoka Bohemia, katika nchi ya Cheki ya leo, ambako viwanda vilitengeneza kwa wingi mifano ya vito hivi kwa soko la Afrika. Za akiki ya kweli nyingi zilichongwa Idar-Oberstein, Ujerumani. Ndiyo, Ujerumani. Muuzaji hakukudanganya sana, maana hata za kweli zilifika jangwani kwa meli.