Ukienda kuogelea jangwani, anza kupanga kurudi

Kushuka mpaka bwawani kulituchukua dakika hamsini. Kupanda kulituchukua saa tatu kasoro, na ndani ya saa hizo kuna nusu saa nzima niliyoketi chini ya mwamba nikimpepea shemeji yangu kwa kofia, huku nikiwaza nitamwambia nini kaka yangu.

Ilikuwa Julai, msimu wa joto kule. Mwenye wazo nilikuwa mimi. Nilialika watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kutembea jangwani, na mimi mwenyewe, nikisema ukweli, nilikuwa nimewahi mara mbili tu, zote msimu wa baridi. Nilikuwa nimeiona picha ya lile bwawa: maji ya kijani, kuta za mawe mekundu, mti mmoja umeinama kama unachungulia. Kilomita tatu kwenda, tatu kurudi. Nani hashindi kilomita tatu? Tukanywa chai kwa raha zetu, tukaanza kutembea saa nne asubuhi.

Bwawa lilikuwa zuri kuliko picha. Tuliogelea mpaka vidole vikakunjamana. Tukatoka majini saa nane mchana, watu wanne, tumebakiwa na lita moja na nusu ya maji ya kunywa, na njia yote ya kurudi ni mwinuko usio na kivuli hata cha kumfunika paka.

Tangu siku ile nimerudi kwenye mabwawa ya jangwani mara nyingi, na wageni wa kila namna, hata watoto, na sijampepea mtu tena. Nilichobadilisha ni kimoja: naipanga safari kuanzia mwisho wake. Sijiulizi tena tutafika bwawani saa ngapi. Najiuliza saa nne asubuhi itatukuta wapi.

Sababu iko kwenye umbo la ardhi. Mlimani, ukichoka unageuka, na mteremko unakusaidia kurudi. Jangwani maji yako chini, kwenye makorongo, maana ndiko yanakokimbilia na ndiko kuta zinakoyakinga yasikaushwe na jua. Wahenga walituambia mpanda ngazi hushuka. Korongoni ni kinyume: anayeshuka atapanda, na atapanda wakati miguu imelegea, maji yamepungua na jua limefika utosini. Kibaya zaidi, hewa haifikii kilele cha joto saa sita. Huendelea kupanda mpaka saa tisa, hata saa kumi na moja jioni, na mawe yaliyochomwa tangu asubuhi yanakurudishia joto kutoka pande zote. Kwa hiyo anayesema "tungoje jua lipoe kidogo" halafu akaondoka saa nane, anaingia tanuri likiwa ndiyo kwanza linakolea. Hifadhi ya Grand Canyon kule Marekani huwashauri wageni wasitembee ndani ya korongo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni wakati wa joto. Sisi tulianza saa ileile ambayo wengine walipaswa kuwa wamemaliza.

Ratiba ninayowapa wageni sasa ni hii. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko mwanzo wa njia, viatu vimefungwa. Saa moja tuko bwawani. Tunaogelea, tunakula, tunapiga picha zetu. Saa mbili na nusu tunavaa, tukilalamika kwamba ni mapema mno, na kabla ya saa nne tuko kwenye gari. Wapo wanaopenda kushinda bwawani kivulini na kupanda jioni. Inawezekana, kama kivuli ni cha kweli, maji ya kunywa yanatosha siku nzima na kila mtu ana taa ya kichwani. Kwa wageni siipendi. Giza likiingia mtu mzoefu hujikwaa, sembuse mgeni, na jioni ya joto ndiyo saa ya nyoka kutoka kutafuta riziki.

Kuhusu urefu wa njia, usiamini kilomita peke yake. Ipo kanuni ya zamani ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Ile njia yetu ilikuwa na kilomita 3 na mwinuko wa kama mita 300. Kwa Naismith ni saa moja na dakika sita. Naismith, hata hivyo, alikuwa akiwaza watu wenye nguvu kwenye vilima vya Uskoti, si shemeji yangu na jua la Julai. Siku hizi nikipata jibu la kanuni hiyo nalizidisha mara mbili kwa kupanda kwenye joto, na kama linavuka saa mbili, natafuta bwawa lingine. Kwa mgeni kabisa, jumla ya kilomita 5 kwenda na kurudi inatosha, na mwinuko usizidi mita 150.

Halafu uliza njia ina ardhi gani. Mchanga laini hula nguvu karibu mara mbili ya ardhi ngumu. Maporomoko ya Lower Calf Creek, jimboni Utah, yana urefu wa mita 38 na bwawa la baridi chini yake, na ramani inaonyesha njia tambarare ya karibu kilomita 10 kwenda na kurudi. Tambarare ndiyo, lakini vipande virefu ni mchanga. Korongo la Wadi Shab kule Oman lina hadithi nyingine: unavushwa kwa mashua, unatembea dakika arobaini na kitu juu ya mawe, halafu sehemu ya mwisho ni ya kuogelea. Asiyejua kuogelea ataishia mabwawa ya kwanza, na ni vizuri ajue hivyo kabla ya kutoka nyumbani, si pale wenzake wanapomuachia mikoba awalindie.

Maji ya kunywa sasa. Kutembea kwenye joto kunataka nusu lita mpaka lita moja kwa saa kwa kila mtu, na lita moja ni kilo moja mgongoni, kwa hiyo hakuna ujanja: njia fupi ndiyo inayopunguza mzigo. Nagandisha chupa moja usiku. Asubuhi ni barafu, saa tatu ni maji baridi. Nyingine inabaki garini. Na tunakula vitu vya chumvi njiani, karanga, biskuti, chochote, kwa sababu anayekunywa maji mengi huku chumvi yote imetoka kwa jasho anaweza kuugua kwa wingi wa maji, na dalili zake zinafanana na za aliyeishiwa maji: kichwa, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Maji ya bwawa usiyanywe hivihivi hata yang'ae vipi. Wanyama wa bonde zima hunywa na kujisaidia hapohapo.

Nina sheria moja ambayo wageni huiona ya kikatili: nusu ya maji ikiisha kabla hatujafika bwawani, tunageuka. Nimeshageuza watu bwawa likiwa linasikika.

Mavazi nayapitia haraka. Shati la pamba la mikono mirefu, kofia pana, viatu vilivyofunika vidole. Watu wa milima ya baridi watakwambia pamba inaua, kwa kuwa haikauki. Jangwani hilo ndilo tunalolitaka: lichovye bwawani kabla ya kuondoka, livae linadondoka, na litakupoza nusu ya njia. Kandambili ziache nyumbani. Siku yetu ile rafiki yangu mmoja alikuja nazo, kwa hoja kwamba tunaenda kuogelea. Kamba ya mguu wa kushoto ilikatika kwenye mwinuko wa kwanza. Alitembea kilomita mbili na nusu amevaa soksi zangu mbilimbili, kila akikanyaga jiwe anasema "Ewe Mola," taratibu, kama mtu anayehesabu.

Bwawani kwenyewe kuna mambo ambayo mtu aliyezoea bahari hayatarajii. La kwanza ni baridi. Hewa inaweza kuwa nyuzi 40 na maji yaliyo kivulini au yanayotoka kwenye chemchemi yakawa chini ya 15. Ukijitupa ndani, kifua hubana na pumzi inakuja yenyewe bila hiari yako. Kama kinywa kiko chini ya maji sekunde hiyo, umeyavuta mapafuni. Ingia kwa miguu, jimwagie usoni na shingoni, subiri pumzi itulie ndipo uogelee. La pili ni kina. Maji hupinda mwanga, na ukiyatazama kutoka juu bwawa la mita 2 linaonekana kama la mita moja na nusu. Kwa asiyejua kuogelea huo ni mtego: anadhani yatamfika kifuani, kumbe yanampita kichwa. La tatu, mafuriko huhamisha mawe na magogo. Sehemu aliyorukia binamu yako mwaka jana huenda mwaka huu ina jiwe. Katika safari zangu hakuna kuruka, na wanaonuna hununa mpaka waingie majini.

Maji yakiwa ya uvuguvugu na yametuama, usizamishe kichwa. Kuna amiba anayeishi kwenye maji matamu ya moto anayeingilia puani. Ni nadra sana kumpata mtu, lakini akimpata ni vigumu mno kupona. Na yakiwa na utando wa kijani juu kama rangi iliyomwagika, hakuna anayeingia, wala mbwa.

Mafuriko yenyewe ndiyo yanayonitisha kuliko nyoka na nge. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Lower Antelope Canyon, Arizona. Pale walipokuwa mvua haikuwa ya kutisha. Dhoruba ilinyesha kilomita kadhaa kutoka hapo, upande maji yanakotokea, na maji yakaja korongoni kama ukuta. Kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa usiangalie wa bwawa tu, angalia wa bonde zima linalolilisha. Ukiwa chini, ukiona maji safi yanageuka kahawia, vijiti vinaanza kuelea, au ukasikia ngurumo isiyokoma, usikusanye vitu. Panda juu palepale ulipo, usikimbie kufuata korongo. Kwenye majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, Julai na Agosti ndiyo miezi ya ngurumo za alasiri, sababu nyingine ya kuwa garini mapema.

Nirudi kwa shemeji, maana hapo ndipo nilipojifunza kumtazama mtu. Nilimuuliza mara tatu, "Shemeji, uko sawa?" Mara tatu akajibu, "Niko sawa, shemeji, twende." Jibu hilo halina maana yoyote, kila mtu atakujibu hivyo. Nilichopaswa kuona ni kwamba alikuwa ameacha utani. Mwanamke aliyetuchekesha tangu gari lilipowaka alikuwa hajasema neno kwa robo saa, na mikono yake ilikuwa na vipele vya baridi chini ya jua lile. Mara ya nne akajibu swali ambalo sikumuuliza. Nilimkalisha palepale kwenye kivuli cha mwamba, tukalowesha leso kwa maji tuliyokuwa tukiyabania, tukaiweka shingoni na kwapani, tukapepea. Baada ya nusu saa alinikejeli kuhusu picha zangu, nikajua amerudi. Tulikuwa na bahati. Mtu akichanganyikiwa zaidi ya hapo, akaongea ovyo, akapepesuka au akazimia, hicho ni kiharusi cha joto, mwili umefika nyuzi 40 au zaidi, na anahitaji kupozwa dakika hiyohiyo kwa maji yoyote mliyonayo huku mwenzenu akitafuta msaada. Kama bwawa liko karibu kuliko gari, mrudisheni bwawani, mwili ndani ya maji, kichwa mmekishika.

Msaada huo ndio unaofanya nimwachie mtu ujumbe kabla ya kuondoka: njia gani, gari liko wapi, na saa ambayo akiwa hajanisikia apige simu. Makorongoni mtandao hakuna, na simu ikiachwa juani hujizima yenyewe kwa joto.

Kidogo kuhusu bwawa, kisha nakuachia. Mara nyingi maji yale hayaendi popote. Krimu ya jua unayoingia nayo inabaki humo, na kesho kuna mnyama atayanywa, ndiyo maana nasisitiza shati la mikono mirefu. Haja ndogo ni mita 60 kutoka kwenye maji. Tembea kwenye njia, hasa ukiona ardhi nyeusi yenye vinundu kama mkate ulioungua: ule ni utando ulio hai unaoshikilia mchanga usipeperuke, na hatua moja ya kiatu huchukua miaka kupona. Baadhi ya mabwawa siku hizi yanataka kibali cha kuombwa mapema, kwa hiyo uliza kabla hujawaahidi watu.

Shemeji alirudi nami mwaka uliofuata, bwawa lingine, njia fupi. Saa tatu na nusu tulikuwa garini, nywele zake bado zinadondosha maji. Alipofungua mkoba kutoa karanga nikaona kofia mbili pana zimekunjwa pamoja.

"Ya pili ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kukupepea wewe," akasema, akaendelea kutafuna.