Kabla ya kulipia tuisheni, fungua daftari

Dada wa Moshi, unasema kijana wako wa darasa la sita hesabu zinamshinda, nawe unauza mitumba soko la Memorial na jioni unafika nyumbani hoi. Unauliza umtafutie tuisheni?

Bado. Leo usiku fungua daftari lake la hisabati, hata kama hesabu zenyewe huzijui, uangalie tiki zilianza kupungua wapi. Mara nyingi utakuta ni kwenye hesabu za sehemu (nusu, robo) au desimali, na yanayofuata mengi yanategemea hizo. Kesho asubuhi, kabla hujafungua biashara, mpelekee mwalimu wa somo ukurasa huohuo. Usingoje kikao cha wazazi. Kule mtaongelea michango tu.

Jumamosi akija sokoni, mwachie apige hesabu ya chenji: suruali mbili za shilingi 7,500 kila moja, mteja katoa noti mbili za elfu kumi. Simu aiweke pembeni.

Kiingereza nacho msikisahau, maana sekondari masomo karibu yote hufundishwa kwa lugha hiyo. Na kijana alale mapema. Runinga izimwe, hata kama ni tamthilia yako, samahani dada.