Sangara wa kilo 10 angepima ngapi Mirihi?

SWALI: Ninauza samaki Mwaloni, Kirumba. Mwanangu wa kidato cha pili ananiambia sangara wa kilo 10 akipelekwa sayari ya Mirihi, mizani itasoma chini ya kilo 4. Nikamuuliza, nyama imekwenda wapi? Akanyamaza. Tena anasema iko sayari yenye tungamo mara 14 ya Dunia, na huko samaki huyohuyo angekuwa mwepesi kuliko hapa. Hilo ndilo lililonishinda kabisa.
Mama muuza samaki, Mwanza

JIBU: Mama, nyama iko palepale. Kilo 10 ni kiasi cha samaki mwenyewe, minofu na mifupa yake. Hilo ndilo tungamo, na halipungui hata umsafirishe wapi. Kinachobadilika ni uzito, yaani kani ambayo sayari inamvuta nayo. Mizani yako ya springi haihesabu minofu. Inaonyesha tu springi imevutwa kiasi gani. Mirihi inavuta kwa ulegevu, kwa hiyo mshale ungesimama kwenye 3.8. Ungempima kwa mizani ya mawe, ile ya sahani mbili, angesoma kilo 10 hukohuko Mirihi, maana jiwe la upande wa pili nalo limepungukiwa uzito kwa kiwango kilekile.

Sasa hesabu ya mwanao. Uvutano kwenye uso wa sayari unategemea mambo mawili: sayari ina tungamo kiasi gani, na wewe umesimama umbali gani kutoka kitovu chake. Tungamo likiwa mara mbili, uvutano nao unakuwa mara mbili. Umbali ukiwa mara mbili, uvutano unabaki robo, si nusu. Ukiwa mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Basi chukua tungamo la sayari ukilinganisha na la Dunia, ligawe kwa upana wake ukilinganisha na wa Dunia, halafu gawa tena kwa upana uleule.

Mirihi ina tungamo 0.107 la Dunia na upana 0.532. Gawa mara ya kwanza unapata 0.201, mara ya pili 0.378. Zidisha kwa kilo 10, ndiyo hiyo 3.8.

Sayari iliyokushinda ni Uranusi. Tungamo lake ni mara 14.5 ya Dunia, lakini upana wake ni mara 4. Gawa 14.5 kwa 4, kisha tena kwa 4: unapata 0.91. Sangara wako anasoma kilo 9.1. (Uranusi haina ardhi ya kusimama, hesabu hii ni ya usawa wa mawingu yake ya juu.) Mwanafunzi akigawa mara moja tu atapata kilo 36, na hilo ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Kosa jingine hutokea kwa wanaotumia kanuni yenyewe ya uvutano, yenye kilo na mita halisi, badala ya ulinganisho huu: wanaweka kipenyo mahali pa nusu kipenyo, jibu linashuka hadi robo, au wanaacha kilomita bila kuzigeuza kuwa mita, jibu linakuwa kubwa mara milioni moja.

Mwambie pia ailinganishe Mirihi na Zebaki, maana mfano huo una utamu wake. Mirihi ina tungamo karibu mara mbili ya Zebaki, lakini mizani ingesoma karibu sawa kwenye sayari zote mbili: kilo 3.8. Zebaki ni ndogo, ila imeshindiliwa. Sehemu kubwa ya ndani yake ni chuma. Anayesimama pale yuko karibu zaidi na kitovu, na ukaribu huo unafidia upungufu wa tungamo.

SWALI: Nimeletewa mizani ya dijitali kutoka Uingereza ya kupimia magunia ya dagaa. Je, ni kweli mizani iliyorekebishwa Ulaya inapunja ikifika Mwanza?
Mfanyabiashara wa dagaa

JIBU: Ni kweli, na anayepunjika ni wewe unayeuza. Dunia inazunguka na imetuna kidogo kiunoni: kutoka kitovu hadi ikweta ni kilomita 6,378, hadi ncha ni 6,357. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, tena juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100. Uvutano hapa ni kama 9.78, London ni 9.81 (yaani kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa mita hizo kwa sekunde, kila sekunde). Gunia la kilo 100 litaonyesha pungufu ya gramu 350 hivi.

Kubonyeza sifuri hakuponyi. Sifuri inarekebisha mwanzo tu, ilhali kosa hili linakua kadiri mzigo unavyokua: gramu 35 kwenye kilo 10, gramu 350 kwenye kilo 100. Dawa ni kuirekebisha hapahapa kwa mawe yaliyohakikiwa, na kazi hiyo waachie mafundi wanaotambuliwa na Wakala wa Vipimo.

Kwa mizani ya springi iliyozeeka, usihangaike na ikweta kwanza. Ning'iniza beseni tupu, weka sifuri, pakia jiwe la kilo 10, kisha 20, halafu ondoa moja. Ikisoma 10 wakati wa kupakia na 10.3 wakati wa kupakua, springi imechoka au ina kutu, na unyevu wa ziwani huleta kutu upesi.

SWALI: Wanaanga wanaelea. Ina maana huko hakuna uvutano?
Mwanafunzi, Nyamagana

JIBU: Upo, tena mwingi. Kituo cha anga cha kimataifa kiko kilomita 400 hivi juu yetu, na uvutano pale ni karibu asilimia 89 ya huu wa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja wakiizunguka Dunia.

SWALI: Shule yetu haina maabara. Tunaweza kupima uvutano wenyewe?
Mwalimu, Ukerewe

JIBU: Mnaweza, Mwalimu. Tafuta mshipi wa kuvulia usionyumbuka na chubwi ya risasi. Funga mshipi kwenye boriti imara, mita 1 kamili kutoka fundo la juu hadi katikati ya chubwi, si hadi juu yake. Kukosea sentimita 1 kunapotosha jibu kwa asilimia 1. Ivute pembeni sentimita 10, usizidishe, kisha iachie bila kuisukuma. Pima muda wa mizunguko 50 ya kwenda na kurudi. Gawa sekunde kwa 50, zidisha jibu kwa lenyewe, halafu gawa 39.48 kwa hilo ulilopata. Mkipata sekunde 100.5, uvutano ni kama 9.77.

Mkipata 10.2, angalieni mlivyohesabu. Anayeachia chubwi lazima aseme "sifuri". Akianza na "moja", amepima mizunguko 49 akidhani ni 50.