Re: Mshahara wa baharia kwenye meli ya kigeni Kilindini

Salaam ndugu yangu. Unauliza kama baharia Mkenya aliyefanya kazi miezi miwili na nusu bila mshahara, katika meli yenye bendera ya Panama iliyotia nanga Kilindini, anaweza kudai haki yake hapa Mombasa, maana wakala amekwambia kwamba sheria za Kenya haziigusi meli ya kigeni.

Wakala amesema nusu ya ukweli. Nchi ya bendera ndiyo yenye usemi mkuu juu ya meli, lakini Kenya na Panama zote zimeuridhia Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, na kwa ibara ya 2(6) ya Katiba yetu mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi. Kwa hiyo wakaguzi wa hapa wanaruhusiwa kupanda melini, na hata kuizuia isiondoke.

Tafuta kwanza cheti cha dhamana ya fedha, ambacho sharti kibandikwe mahali pa wazi. Nilipomsaidia mpwa wangu, tulikikuta chumba cha kulia, kimefunikwa na kalenda! Ndani ya cheti hicho mna jina la mdhamini na mawasiliano yake. Baharia asiyelipwa kwa miezi miwili huhesabiwa kuwa ametelekezwa, na dhamana hiyo hulipa malimbikizo ya hadi miezi minne. Mkataba wako wa ajira sijauona, hivyo kiasi siwezi kukitaja. Nenda na nakala yake kwa wakaguzi hao.