Fundi mwenzangu, tazama unayempima

Nashona magauni ya harusi karibu na soko la Kilombero, Arusha. Novemba moja, miaka mingi sasa, nililetewa binti kutoka upande wa Longido. Kifua inchi 28. Alivaa sweta la shule lililobanduliwa nembo, nyuzi bado zinaning'inia. Niliziona, nikanyamaza. Gauni likampwaya kifuani, nikaliwekea sponji, nikalipwa.

Sponji lile linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nawaambia mafundi, wapambaji, wapiga picha: sisi tunajua mapema kuliko serikali kwamba mtoto anaozwa. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikuta wanawake 31 katika kila 100 wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Mengine ya magauni hayo yalipita mikononi mwetu.

Muwe macho zaidi kati ya Septemba na Januari. Mtihani wa darasa la saba umekwisha, kidato cha kwanza hakijaanza, na hapo ndipo utasikia, "Huyu si mwanafunzi tena." Wazazi na mwoaji wanaogopa ile miaka 30 jela ya kuoa mwanafunzi, iliyowekwa kwenye Sheria ya Elimu mwaka 2016. Wengine watakutajia Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyomruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia. Waambie Mahakama Kuu ilikikataa kifungu hicho mwaka 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Oktoba 2019.

Lakini usianze na sheria. Mimi nilijifunza hilo kwa binti wa pili, mwaka ule ukame ulipomaliza mifugo Longido. Nilimtuma binti akanywe chai, nikabaki na mama yake.

"Mama, mahari imeshaliwa?"

Akatazama chini. "Ng'ombe wawili wameshafika, dada. Baba yao anasema wa kwetu wamekufa wote, tutakula nini?"

"Na wewe unataka?"

Akalia. Hakuwa ameulizwa na mtu yeyote.

Uliza mahari mapema. Ng'ombe akiwa bado zizini anarudishika. Akishauzwa, baba anakuwa mdaiwa na binti ndiye malipo. Pia usimtwishe mama kazi ya kushitaki, maana atarudi kulala nyumba ileile. Mimi ndiye niliyekwenda kwa afisa ustawi wa jamii, nikaomba jina la mama lisitajwe. Kama humjui afisa wa kwenu, piga 116, simu ya watoto, ni bure. Hatari ikiwa ya leo au kesho, nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Usimtishie baba mbele ya watu. Akishaaibika atamhamisha binti usiku, na hapo hata polisi watahangaika kumpata.

Afisa alifika na mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili wa ukoo. Waliongea siku tatu. Ng'ombe wakarudi.

Malipo ya awali ya gauni nayo niliyarudisha. Januari binti alikuja na shangazi yake, safari hii kupima sketi ya shule. Nilimwachia pindo la inchi nne, aishushe kadiri anavyorefuka.